Santuri ya Zambarau ya Mwalimu Silvesta

Nesi akinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti, mimi hutabasamu. Wenzangu kwenye foleni hukunja uso wakisubiri sindano, na nesi mmoja aliwahi kuniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Ni vile tu kwamba kwangu harufu ile si ya zahanati. Ni ya Jumapili mchana sebuleni kwetu Sumbawanga, upepo wa Ufipa ukisukuma pazia, na baba yangu, mwenye sweta mbili na uso wa daktari wa upasuaji, akifuta santuri kwa kitambaa cha flana kilicholowa spiriti, taratibu, kama vile mgonjwa angeweza kuamka.

Baba alikuwa karani wa idara ya maji. Alitoka Mbeya kwa uhamisho akiwa kijana, na sanduku la bati, godoro na gramafoni. Hapo Sumbawanga akamwoa mama, Mfipa wa kijijini Mollo, binti wa wakulima wa ulezi, Wakatoliki wa kufa na kuzikana. Katika mambo yote baba alikuwa mtu wa kiasi. Hakunywa, hakupiga kelele, na suruali zake alizivaa mpaka magoti yakang'aa. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lililofunikwa kwa kitambaa cha kufuma: santuri za rangi.

Santuri za kawaida, kama mnavyojua, ni nyeusi. Lakini zamani, kabla sijazaliwa, studio moja ilikuwa imesherehekea jambo fulani, baba mwenyewe hakuwa na hakika jambo gani, kwa kutoa santuri za rangi sita, kila rangi chache tu, kisha basi. Nyekundu, bluu, kijani, njano, nyeupe na zambarau. Baba alikuwa na tano.

Sasa naomba mlielewe vizuri hili linalofuata, maana sisi nyumbani lilituchukua miaka kulielewa. Zote zilikuwa na wimbo mmoja. Uleule. Mwanamume mmoja anamlilia mwanamke aitwaye Zaituni amrudishie mwavuli wake, na upande wa pili bendi inapiga muziki huohuo bila mwimbaji, yaani hata mwavuli hautajwi. Kila Jumapili baada ya chakula baba alipiga nyekundu, akaiondoa, akaifuta, akapiga bluu, akaendelea hivyo mpaka nyeupe. Zaituni aliombwa mwavuli mara tano.

"Baba Atu," mama alisema siku moja akiwa anachambua maharage, "huyo Zaituni si aurudishe tu huo mwavuli, watu tupumzike."

Baba hakukasirika. Alimweleza, kwa upole wa mtu anayefundisha asiyejua, kwamba hizo hazikuwa sawa hata kidogo. Nyekundu ilikuwa na joto. Bluu ilikuwa na ubaridi fulani, hasa kwenye gitaa. Kijani ilikuwa na unyevunyevu. Mama aliinama akaendelea na maharage yake. Mimi, niliyekuwa na miaka tisa na nikimwamini baba kuliko redio, nilikuwa nikikaa karibu na spika nikiusikia ule unyevunyevu, naapa, mpaka nikafunga kifungo cha juu cha sweta.

Ile ya njano niliiona ikipatikana kwa macho yangu. Wakati wa likizo baba alinichukua kwenye gari la idara kwenda Kate, walikokuwa wanakagua kisima. Tukaingia kwa mama mmoja kuomba maji ya kunywa, na pale jikoni, juu ya mtungi wa togwa, kulikuwa na mfuniko wa njano unaong'aa, wenye tundu katikati. Baba alisahau kiu. Yule mama hakuwa na tatizo la kuutoa, ila aliuliza swali la maana: "Sasa mtungi wangu nitaufunika na nini?" Wiki iliyofuata gari la idara lilirudi Kate na sinia letu la wageni, lile lenye maua ya waridi. Mama aligundua siku padri alipokuja kula kwetu na wali ukaletwa mezani kwenye beseni.

Ikabaki zambarau, nayo ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwetu, nyumbani kwa Mwalimu Silvesta.

Mwalimu Silvesta alinifundisha hesabu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtaratibu, na alikuwa na tabia ya kukaa kimya baada ya jibu lako mpaka wewe mwenyewe uanze kulitilia shaka. Santuri ya zambarau aliachiwa na kaka yake aliyefanya kazi migodini Zambia. Baba aliiomba kwa miaka mitatu. Alijaribu kwa jogoo, kwa taa ya karabai, mara moja hata kwa baiskeli. Jibu lilikuwa lilelile: "Tutaona, Baba Atu."

Halafu Jumamosi moja mchana Mwalimu akabisha hodi, kitu bapa kikiwa kwapani kimefungwa kwa gazeti.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Saba mara nane?"

Nikajibu hamsini na sita. Akanyamaza mpaka nikaanza kuona huenda ni hamsini na nne, kisha akaingia ndani.

Alikaa, akapokea chai, akaifungua ile santuri na kuiweka juu ya meza. Ilikuwa na rangi ya zabibu ukiishika kwenye mwanga. Baba aliiangalia namna watoto wa mtaa wetu walivyoangalia keki.

"Unasema kila rangi ina sauti yake," Mwalimu akasema. "Mimi ni mtu wa hesabu. Nataka uthibitisho. Utafungwa macho, utapigiwa zote tano, mwanzo tu, kabla mwimbaji hajaanza. Ukizitaja zote sawasawa, hii inabaki hapa. Ukikosea hata moja, ile ya njano inakwenda kwangu."

Mama alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Ile ya njano ilikula sinia langu," akasema. "Haitoki humu ndani."

Lakini baba alikuwa ameshakubali. Wakamgeuza akaangalia ukuta, mama akamfunga kitenge machoni, akakikaza zaidi kuliko ilivyohitajika. Ikabaki nani awe anaweka santuri. Mwalimu akanielekezea kidole. "Atu. Anajiandaa kwa komunio ya kwanza. Hatadanganya."

 Nami nilikuwa nimeshaamua kudanganya.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nyekundu ningekohoa mara moja, bluu mara mbili, kijani tatu, na kuendelea kwa mpangilio wa kwenye boksi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba baba hakuwa ameambiwa.

Mwalimu akainyooshea kidole ile nyeupe. Nikaiweka, nikashusha sindano, nikakohoa mara tano.

"Mama Atu," baba akasema akiwa ameutazama ukuta, "kifua cha huyu mtoto kimerudi. Mpe tangawizi." Halafu akaongeza: "Hiyo ni nyeupe."

Mama akaniletea kikombe cha tangawizi kali ya kutoa machozi, akasimama juu yangu mpaka nikaimaliza. Mwalimu akaonyesha bluu. Nikakohoa mara mbili, safari hii mojawapo ikiwa ya kweli.

"Bluu," akasema baba. "Na mfungeni skafu."

Ya tatu ilikuwa ya kijani. Nikakohoa nikiwa ndani ya skafu. Akaitaja. Nilianza kuelewa kwamba hakuwa akinisikiliza kabisa, kwamba alikuwa akiipata kwa masikio yake mwenyewe. Mwalimu Silvesta alinitazama. Akatazama kikombe cha tangawizi, akatazama skafu. Mtu aliyesimamia mitihani miaka ishirini hakosi kukijua kikohozi cha namna ile. Alinyoosha tu kidole, si kwenye nyekundu wala njano, bali kwenye kijani tena.

Mara hii sikuthubutu kukohoa, macho yake yakiwa juu yangu. Nikairudisha kijani kwenye gramafoni. Gitaa likaanza. Baba akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu. Mama aliacha kufuta mikono yake. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona akiusikiliza ule wimbo.

"Mwalimu," baba akasema, "hiyo ni kijani ileile. Unanitega."

Nyekundu na njano zilifuata bila shida yoyote. Baba alifungua kitenge, macho mekundu, na Mwalimu akasimama, akamkabidhi ile zambarau kwa mikono miwili.

"Hesabu imekubali," akasema, akavaa kofia yake akaenda.

Jioni ile, tukiwa jikoni tunaota moto, baba hakuweza kuvumilia. Akatucheka, akatuambia. Rangi hazikuhusika kabisa. Nyekundu hutoa tiki mbili kabla ya gitaa, tangu siku nilipoigonga nikiwa nimeanza kutembea. Nyeupe ina tiki moja. Bluu huchacharika kama kitunguu kikaangoni. Ya njano ilikula mvuke wa togwa, hivyo huanza kwa kukoroma. Na kijani iliwahi kusahaulika dirishani juani, ikapinda kidogo, gitaa lake huyumba kama mlevi anayejitahidi kunyooka.

"Kwa hiyo hakuna joto?" nikamuuliza.

"Joto lipo," baba akasema, "ila siku nyingine."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na dhambi isiyokuwa hata na faida, na Jumamosi iliyofuata niliipeleka kwa padri. Nikamweleza yote, kikohozi kwa kikohozi.

"Na baba yako alielewa?" padri akauliza kutoka upande wa pili wa wavu.

"Hapana, padri."

"Hata mara moja?"

"Alisema nipewe tangawizi."

Kiti chake kikalia kidogo, kama cha mtu anayetikisika kwa kicheko. "Basi, mwanangu, wewe ulitaka kudanganya ukaishia kukohoa tu. Sali Salamu Maria tatu. Na, samahani, alikosa hata moja?"

Nikamwambia hakukosa. Akasema "Ala," kisha akanipa ondoleo.

Tangu hapo Mwalimu Silvesta alikuja kwetu kila Jumapili. Saa nane na nusu unasikia hodi. "Nimekuja kuiangalia mali yangu," alisema, na baba alijibu, "Mali yangu, Mwalimu," na wote wawili wakaonekana kuridhika. Alikaa, zambarau ikapigwa, mara nyingine mara mbili, halafu akaaga. Ilikwenda hivyo miaka minne, mpaka alipohamishiwa shule ya Wampembe, kando ya ziwa. Mimi niliona ni roho ya kutokukubali kushindwa. Nilimhurumia kidogo, na kumdharau kidogo pia, kama watoto wanavyofanya wanapodhani wamemwelewa mtu mzima.

Mwalimu alistaafu, akarudi kwao Mollo, na mwaka jana akafariki. Nilikwenda kumpa pole mjane wake. Tulikaa uani, tukazungumza habari za watoto na za mvua, nami kwa kutaka kumchangamsha nikamkumbusha jinsi mume wake alivyopoteza ile santuri.

Mama yule alinitazama kama asiyeelewa. "Alipoteza?" akasema. "Gramafoni yetu ilikufa wewe hujaanza hata shule. Aliipeleka Mbeya, wakamrudishia ilivyokuwa. Basi ikawa Jumapili anaitoa ile santuri, anaiangalia dirishani, anairudisha. Nikamwambia, si uende kwa Baba Atu wakupigie? Akasema mwalimu haendi nyumbani kwa mzazi kuomba kupigiwa muziki. Lakini mtu aliyenyang'anywa mali yake, hakuna atakayemshangaa akienda kuiangalia."

Niliporudi mjini nilimkuta baba barazani na sweta zake mbili. Nikamuuliza kama alikuwa akijua.

"Siku ile alipotoka nilimfuata mpaka nje," akasema. "Nilimwambia nitakuwa ninamwazima, naye aipige kwake mara mojamoja. Akaniambia gramafoni yake inapenda nyeusi tu." Baba akatikisa kichwa. "Gramafoni gani hiyo inayochagua rangi? Nikajua hana. Ndiyo maana nilikuwa ninampa kile kiti cha karibu na spika."

Wanaume wawili walikuwa wamekaa mbele yangu kila Jumapili kwa miaka minne, mmoja akijifanya hajakubali kushindwa, mwingine akijifanya anamringia ushindi, na mimi niliyejiona mjanja kuliko wote sikuona kitu. Tena nilifanya vibaya zaidi. Kazi ya kugawa maandazi ilikuwa yangu, na kila Jumapili, kwa makusudi kabisa, Mwalimu Silvesta nilimpa lile dogo kuliko yote, maana niliamini aliyeshindwa hastahili kubwa. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Asante, Atu," akalichovya kwenye chai, akafumba macho, akasubiri gitaa lianze.