Siku Niliyoshushwa Kilimanjaro

Niliondoka nyumbani kwa sababu mdogo wangu Shabani alikuwa amekataa kutembeza wageni. Tuna nyumba ya wageni ya vyumba sita kwenye Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Mimi napika na kupokea, yeye anawaongoza watu kwenda kuyaona maporomoko ya maji. Masika yaliyopita mgeni wetu mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Dodoma, alizimia njiani. Shabani na wanakijiji wakamkatia machela ya miti, wakambeba kwenye utelezi mpaka barabarani, na jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofikishwa hospitali. Alipona. Huko ndiko tulikojua kwamba ana kisukari na kwamba hakunywa hata chai asubuhi ile. Hakuwa ametuambia.

"Dada, huyu amepona," Shabani akawa ananiambia. "Akinifia mwingine mikononi, utawaambia nini watoto wake?"

Nikamkumbuka Aikande, niliyesoma naye chuo cha hoteli, mwenyeji wa Mwika. Kaka yake, Elinami, anaongoza wapanda mlima tangu ujana wake. Nikampigia Aikande simu kuuliza wao hufanyaje. Akanijibu, "Zainabu, mambo haya hayasimuliki kwa simu. Njoo upande naye mwenyewe."

Jumatatu alfajiri nilipanda basi Morogoro. Tulipita Chalinze, tukapita mashamba ya mkonge ya Korogwe, na tangu kabla ya Same Milima ya Upare ikatusindikiza upande wa kulia kwa saa nyingi. Nilikuwa nimekaa dirishani makusudi ili niuone Mlima Kilimanjaro. Sikuona kitu ila mawingu. Abiria mwenzangu, mama wa Chekereni aliyekuwa anarudi kwenye mpunga wake, akanicheka: "Huo hauonekani kwa kutafutwa. Utauona ukiwa unafanya mambo yako."

Saa kumi jioni nilishuka Moshi. Aikande alinipokea stendi akanipeleka kwake Njoro, ambako anakodisha nguo za baridi na viatu vya kupandia mlima. Sebule yake imejaa makoti yaliyotundikwa mpaka huoni ukuta. Kabla hata sijanywa maji alinivalisha buti, akaniinamisha kwenye ubao aliouegemeza ukutani kama mteremko.

"Vidole vinagusa mbele?"

"Kidogo tu."

"Kidogo hapa ni kucha mbili zilizong'oka kule. Vua." Alinibadilishia jozi nne. Nilimuuliza kama wateja hawachoki. "Wanachoka," akasema, "lakini hakuna aliyerudi kunishukuru kwa kuharakisha."

Jumanne asubuhi tulipanda kwenda Mwika, kwa mama yao. Nyumba iko katikati ya kihamba, yaani shamba lao la ukoo: migomba juu, kahawa chini yake, na nyuma ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani. Elinami ana desturi ambayo sijaisikia kwingine. Kila mgeni anayempandisha lazima siku moja kabla ale kwa mama yake. Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, na mume na mke vijana kutoka Mwanza.

"Shikamoo mama," tulisema.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Kaeni, mshike visu."

Basi tukakaa jikoni tunamenya ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mama ana maneno machache. Anauliza habari za nyumbani, anangoja, anauliza tena. Kabla sufuria haijachemka, yule mume, aliyekuwa ameshajaza kwenye fomu ya afya kwamba hana ugonjwa wowote, akasema kwa sauti ndogo kwamba utotoni alisumbuliwa na pumu, na mwaka jana ilimrudia. Mke wake akamgeukia kwa mshangao. Elinami, mtu mrefu mwenye mvi na sauti ya taratibu, hakushtuka.

"Vizuri umesema," alimwambia. "Dawa yako ya kuvuta itakaa mfukoni mwako, si kwenye mzigo wa mpagazi. Na mimi nitakuwa na ya akiba."

Mama akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, unatafuta nini kule juu?"

"Nataka nifike, nimwonyeshe mdogo wangu kwamba mambo haya yanawezekana."

"Ehe," alisema, akaendelea kumenya.

Jumatano tulianzia lango la Marangu. Msitu wa chini ni wa ukungu na maji. Mbega walikuwa wanaruka juu yetu na mikia yao myeupe. Elinami alitembea nyuma yetu, akitutembeza polepole hata nikaona aibu kupitwa na wapagazi wenye mizigo kichwani. Alasiri tukafika vibanda vya Mandara, tukala, na kila mmoja akaulizwa maswali yaleyale: umekula kiasi gani, umekunywa maji mara ngapi, kichwa kikoje. Nilijibu kwa ukweli. Nilikuwa mzima.

Alhamisi niliamka kichwa kinagonga. Sikuwa nimepata usingizi. Elinami alipoleta maswali yake pamoja na uji, nilisema nimelala vizuri. Naandika jambo hili nikiona haya hata sasa. Nilikuwa nimetoka Morogoro kwenda kujifunza jinsi ya kuwalinda wageni, na jambo la kwanza nililofanya nikiwa mgeni ni kudanganya.

Kufikia saa tano tulikuwa tumetoka msituni, tuko kwenye uwanda wa vichaka vifupi. Mlima wenyewe ulijitokeza mbele, wote, na theluji yake, na sikuwa na furaha ya kuutazama. Miguu ilikuwa mizito. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikasahau nilichoinamia. Elinami akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Dada Zainabu, leo ni siku gani?"

"Jumanne," nikasema. Halafu nikatapika.

Alinisafisha uso kwa maji, akaninyanyua, akamwita msaidizi wake aendelee na wale wa Mwanza hadi Horombo. "Sisi tunashuka," akaniambia.

"Kaka, nipe nusu saa tu. Nimetoka mbali."

"Najua umetoka mbali."

"Nikirudi bila kufika, nitamwambia nini Shabani?"

"Utamwambia umerudi."

Nililia. Sikulia kwa maumivu. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Elinami alinishika mkono, tukaanza kushuka, mimi nikijikwaa na yeye akinisubiri. Nilimuuliza kwa nini asimpe msaidizi kazi ya kunishusha, yeye akaendelea na wanaopanda. Akasema, "Anayepanda mzima anaweza kwenda na msaidizi. Anayeshuka akiumwa ananihitaji mimi. Wale kesho wanapumzika, nitawakuta."

Saa nane tulifika Mandara, na kichwa kilikuwa kimeanza kuachia kama mtu anayelegeza kamba. Elinami alinipa chai ya tangawizi, akakaa karibu nami kwenye ngazi za kibanda. Nilimwomba radhi kwa uongo wa asubuhi.

"Nilijua," alisema. "Uji wako uliuacha. Na mama alikuwa ameniambia: huyu ana mtu anayetaka kumwonyesha, mtazame sana."

"Mbona hukunirudisha asubuhi ileile?"

"Hapo nilikosea. Nilisema nikutazame saa mbili tatu. Ningekukalisha palepale, tukaongea." Kisha akanisimulia kwamba ujanani, akiwa mpagazi, aliwahi kuficha maumivu ya kichwa siku tatu kwa kuogopa kukosa kazi, mpaka akashushwa amefungwa kwenye machela hajitambui. "Mgeni akidanganya si kwamba ni mbaya. Hataki kuwa mzigo kwa wenzake. Ukimuuliza kama askari, atakujibu kama mtuhumiwa. Ndiyo maana nawapeleka kwa mama. Fomu haijawahi kumenya ndizi na mtu."

Ijumaa asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, Elinami alinikabidhi kwa mpagazi anishushe hadi langoni, yeye akawafuata wale wa Mwanza; mchana nilikuwa Mwika tena. Nilidhani nitapokelewa kwa pole. Mama alinipokea mlangoni kwa kicheko na salamu ya kwao, "Shimbonyi!", akaniwekea bakuli la mtori na kikombe cha maziwa, maana alikuwa ameona tangu mwanzo kwamba mbege, pombe yao ya ndizi, situmii. "Umerudi na miguu yako," alisema. "Hiyo ndiyo safari." Nilikula mabakuli mawili.

Jumapili jioni nilifika nyumbani. Shabani alikuwa anapasua kuni. Nilipomwambia kwamba dada yake ameshushwa Kilimanjaro akitapika na kuitaja Alhamisi kuwa Jumanne, alicheka mpaka akaweka shoka chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu masika. Kisha nikamweleza uongo wangu wa asubuhi ile, na kwa nini niliusema, akaacha kucheka, akakaa juu ya gogo.

"Kumbe mwalimu naye..." akasema.

Tukampigia mwalimu wa Dodoma. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Binti yangu, kundi lilikuwa la vijana watupu. Sikutaka waseme tumsubiri mzee." Akaniomba nimpe Shabani simu, wakazungumza wao wawili kwa muda mrefu. Sikusikiliza.

Tumefungua tena kiangazi hiki. Kitu tulichobadilisha si kikubwa. Tumeweka machela halisi katikati ya njia, tumepatana na dereva wa kijijini, na tumeamua mahali ambapo kundi lote hugeuka mvua ikianza, hata kama maporomoko yanasikika. Lakini kwanza kabisa wageni hupita jikoni kwangu. Nawapa maharage mabichi wayaambue, na Shabani hukaa nao, akiwasimulia jinsi dada yake alivyoshushwa mlimani kwa sababu ya kunyamaza.

Wiki iliyopita tulikuwa na wanawake wanane wa kikundi cha kwaya. Shabani alipomaliza kusimulia, walicheka, wakaendelea kuambua. Halafu mmoja, mnene, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasema, "Mimi nina presha, na goti hili haliniamini."

"Na mimi nimefanyiwa upasuaji mwezi wa tatu," akasema wa pili.

"Mimi naogopa madaraja tu," akasema wa tatu, nao wakacheka tena.

Shabani akainuka, akafikiri, akaichagua njia ya chini inayopita kwenye mashamba ya mboga, ile isiyofika kwenye maporomoko. Hakuna aliyelalamika. Niliwasikia wanaondoka wanaimba, na sauti ya mdogo wangu ikiwa nyuma yao wote, inawaambia wasiharakishe.