Unga wa Wageni wa Shemeji

Siku tulipomzika mume wangu, shemeji alisimama mbele ya waombolezaji akatangaza kuwa mashine ya kusaga ni mali ya ukoo, mwanamke hawezi kuiendesha. Mume wangu aliinunua kwa kuuza ng'ombe wake wa kulimia. Nikauvaa ufunguo wa mashine shingoni na sikumpa. Yeye akavuka mpaka, akafungua mashine yake Busia ya Kenya, karibu kabisa na yangu ya Busia ya Uganda, ili anizime.

Na nusura anizime, maana stima ilikuwa upande wake. Redioni walisema umeme wa mabwawa yetu unauzwa Kenya kwa bei ya chini kuliko tunayolipa sisi. Sikuhitaji redio. Nyaya zile nene zinapita juu ya shamba la mama yangu kule Mulanda, zikielekea ng'ambo, na mama bado anawasha koroboi. Mimi nilikuwa nikinunua umeme asubuhi, unaisha kabla sijapata wateja wa maana. Shemeji alisaga kwa bei ya kutupa. Wanawake wa mtaani kwangu walishika njia za panya, mabeseni kichwani, wakanisalimia kwa adabu na kwenda kwake. Nilimchukia kwa moyo wote. Sitajidai eti nilimwombea.

Kisha mambo yakageuka. Kenya wakapandisha bei ya stima, kwetu wakawapunguzia wenye mashine. Wanawake wakarudi, na wa ng'ambo nao wakavuka. Mashine ya shemeji ikanyamaza. Nikawa naacha mlango wazi makusudi, aisikie yangu ikinguruma.

Mwezi uliopita alikuja mwenyewe, amebeba wimbi na muhogo mkavu begani. Wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na kwetu mgeni wa namna hiyo hapewi ugali wa mahindi. Nilimwacha kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, nikazima mashine.

"Shemeji, si unisagie tu? Wageni wanafika kesho," akasema.

"Mashine hii ya nani?"

Akatazama viatu vyake. "Hayo ni mambo ya zamani."

"Mimi nauliza tu. Ya nani?"

"Ni yako."

"Hawa wa huko nyuma hawajasikia."

"Ni yako, shemeji!"

Jirani yangu akaninong'oneza nimwekee chekeche ya matundu makubwa, ile ya chakula cha kuku, wakwe watafune chenga. Nilitamani sana. Lakini unga ukiwa mbaya, angesema ndio mkono wa mwanamke. Basi nikapitisha muhogo wangu mwenyewe kwanza, masalio ya mahindi yatoke yote, nikafunga chekeche yenye matundu madogo kuliko zote, nikasaga mara mbili. Nilitaka wakwe wale, washangae, waulize nani amesaga, naye alazimike kunitaja mbele yao kama alivyonidharau mbele ya kaburi.

Binti yake ndiye aliyeniletea habari. Wageni waliusifu ugali hadi wakaomba nyongeza. Baba wa mchumba akauliza unga ule umesagwa wapi. Shemeji akajibu, "Upande wa Uganda. Stima yao siku hizi ni rahisi."

Akaisifu stima! Nilicheka, kisha nikakasirika upya. Si neno. Ana mabinti wengine nyumbani, na bei ya Kenya haijashuka. Chekeche ile ya matundu madogo nimeitundika ukutani inamngoja yeye, simsagii nayo mteja mwingine yeyote.