Rimu ya Hatari Niliigeuza Jiko la Maandazi

Mnisamehe au mnilaani, mimi nasema yote. Nyumba ya Mama Anjela iliteketea kwa sababu yangu. Sikuwasha kiberiti. Ni haraka zangu tu.

Nakaa Mfaranyaki, hapa Songea. Nimemaliza fomu foo, kazi hakuna, nikaanza kukaanga maandazi nyumbani. Siku hizi kila mtu biashara, na mimi nilitaka yangu ianze jana!

Halmashauri ya mji ilitoa msaada. Kila nyumba kumi zilipewa rimu ya gari ya kutundika, moto ukitokea inagongwa watu wakusanyike. Mkifuata masharti, wenye majiko yaliyoezekwa nyasi wanasaidiwa bati. Balozi wetu wa nyumba kumi akanikabidhi rimu mimi, eti kwa sababu nimesoma. Nikaitundika kwenye mparachichi wetu.

Waya ukakatika. Balozi akasema nisubiri, ataleta mwingine. Nisubiri! Jiko langu lilikuwa limetoboka, na rimu imelala tu pale chini. Nikaiweka juu ya mawe matatu, nikatia mkaa. Jamani, iliwaka!

Mkaguzi wa halmashauri alipokuja niliisugua masizi kwa mchanga, nikaifunga mtini kwa kamba. Akaigonga mara moja, akaandika tumefuzu. Hajafika hata njia panda, nimeshaishusha.

Jumamosi moja mchana nikaona moshi kwenye jiko la nyasi la Mama Anjela, jirani yetu anayeshona nguo. Bati lake lilikuwa bado. Nikakimbilia mparachichi, mkono juu. Hakuna kitu! Rimu ilikuwa kwenye mawe yangu matatu, nyekundu kwa moto, sufuria ya mafuta juu yake.

Nikapiga kelele, lakini mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma, nani asikie? Watu wanafika, moto umeshapanda nyumba kubwa. Mama Anjela aliingia kuokoa cherehani yake. Akatoka bila cherehani, mikono yote miwili imeungua. Mpaka leo vidole havikunjiki. Hawezi hata kushika sindano.

Nilipoulizwa rimu, nikasema imeibwa. Basi watu wakamgeukia balozi, wakasema kaiuza chuma chakavu. Akipita njiani wanamtania, "Mzee, rimu umekula, bati utakula lini?"

Halmashauri ikamwandikia ajieleze. Macho yake hayaoni vizuri, akaja kwangu nimwandikie majibu. Shikamoo yenyewe ilinitoka kwa shida. Alikaa kwenye kigoda, rimu iko nyuma yake, nimeifunika gunia.

"Andika kosa ni langu," akasema. "Nilimpa mtoto mzigo wa mtu mzima."

"Si tuandike tu imeibwa, balozi?"

"Hapana, mwanangu. Tukiandika hivyo, watakuja kukuhoji wewe."

Nikaandika! Kwa mwandiko wangu ule walionisifia shuleni. Wakamvua ubalozi.

Nimebaki nayo siri hii mpaka leo. Nikishatuma barua hii gazetini naibeba rimu kichwani, mchana kweupe, kwanza kwa Mama Anjela, halafu kwa mzee. Watakachonifanyia wanifanyie.

Na wewe uliyekabidhiwa rimu ya mtaa, au hata ndoo ya mchanga, utaiona imekaa tu miezi na miezi, utasema si niitumie kidogo. Mimi nilisema hivyohivyo. Iache ikae.