Gari la Mbio Lililonyamaza

Siku tulipolichukua Dar, lile gari lilikuwa na kelele za kuamsha mtaa mzima. Nilizisikia kwa masikio yangu, maana tajiri wa korosho aliyelinunua alinituma mimi na dereva wake tukamletee. Gari jekundu la mbio, milango miwili, la mtumba. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, na mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye karakana ya umma nikajifungulia gereji Masasi: mabati manne na gogo la wateja kukalia. Tajiri yule ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza wa maana. Nikimpoteza yeye, narudi kushika jembe.

Tulipofika Masasi gari lilikuwa limenyamaza. Halikuzimika, lilinyamaza tu. Lilitembea likinong'ona kama mgonjwa, na kwenye kilima kidogo cha Nanganga lilitaka kugoma kabisa. Tajiri alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akamtazama dereva wake, mtu mzima aliyenizidi miaka kama kumi na mitano.

"Umenibadilishia nini huko njiani?"

"Sijagusa kitu, mzee."

"Gari niliyoisikia Dar siyo hii." Akanigeukia. "Fundi, fungua. Jumamosi naenda nayo Newala. Ukikuta kifaa kimebadilishwa, huyu nampeleka polisi."

Hakuna aliyemtetea, hata mimi niliyesafiri naye; usiku alilala peke yake garini. Madereva kuuza vifaa njiani lilikuwa jambo la kila siku. Yule dereva alikaa kwenye gogo langu siku mbili, kofia magotini, akinitazama ninavyofungua.

Ukweli ni kwamba gari la aina ile sikulijua. Mimi nimekulia kwenye malori. Nilisafisha plagi, nikafungua kabureta, nikapuliza chujio la hewa, nikarekebisha pointi za kuwashia. Kila nikiwasha, linanong'ona vilevile. Kila boliti niliyoilegeza niliomba nisikute kifaa kigeni, halafu hapohapo natamani nikikute, ili kosa liwe la mtu mwingine. Najichukia kwa hilo hadi sasa.

Ijumaa mchana, tajiri akiwa kwenye msikiti wa jirani, niliweka kiganja nyuma ya bomba la moshi injini ikiwaka. Gari la mbio lingepaswa kunisukuma mkono. Pumzi niliyoipata ilikuwa ya mtoto aliyelala. Hapo ndipo nilipokumbuka maji.

Kabla ya Lindi tulikuta barabara imefunikwa na maji ya mvua. Tulizima injini, dereva akashika usukani, wanakijiji wakasukuma. Mimi nilibaki nyuma nikaziba bomba maji yasiingie, kama tulivyozoea kwenye malori. Nilichana kanga ya mke wangu iliyofungia mihogo yetu ya safari. Kipande cha kwanza kilizama ndani, nikashindilia cha pili juu yake. Ng'ambo nilichomoa kimoja tu, na kunong'ona kulikoanza hapo tulikudhania ni plagi zilizolowa.

Sasa nilikunja ncha ya waya nikakivua kile kilichobaki ndani. Kilikuwa cheusi kwa masizi, lakini pindo la maua ya njano lilionekana bado. Nikawasha. Gari likanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Nikazima haraka, nia yangu ikiwa kukitupa kile kitambaa chooni, lakini tajiri alikuwa ndiyo anatoka msikitini na alikuwa ameshasikia. Alinikuta bado nimekishika.

"Nini hicho?"

Nikisema kweli, mwizi hayupo, ila yupo fundi aliyesahau kitambaa chake kwenye bomba, halafu akafumua injini siku mbili. Nani angemletea gari fundi huyo?

Dereva akasimama. Safari nzima alikuwa amekula mihogo kutoka kwenye kanga ile. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Niliziba pale kwenye maji, nikasahau kuchomoa."

Tajiri alicheka mpaka akakohoa, akamwita mjinga, akamwambia apande waondoke. Wizi asingeusamehe, lakini usahaulifu wa dereva aliusamehe papo hapo. Mimi alinipiga bega. "Fundi ndiye huyu. Magari yangu yote yatakuja hapa."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisema asante.

Dereva, kabla ya kupanda, alikichukua kile kitambaa mkononi mwangu, akakikunja na kukitia mfukoni mwa ovaroli yangu. "Kakifue mwenyewe," aliniambia taratibu. "Usimpe mama watoto."

Jumamosi asubuhi nililisikia kutoka mbali likielekea Newala, na watu wote wakatoka kulitazama. Mimi nilibaki chini ya mabati, kichwa kimezama kwenye injini ya lori. Lilipofika usawa wangu, dereva alipunguza mwendo, akaniita kutoka dirishani, akanisalimia yeye kwanza. Nilijua kabisa kwamba shikamoo ilitakiwa itoke kwangu, na sikuweza kuinua kichwa.