Namba Zilizofutwa Alfajiri

Mtaa mzima ulimwita Pilipili, na hakuna aliyemwonea. Miaka ishirini na mbili alikuwa fundi umeme wa magari, mkono mwepesi kwenye waya na mdomo mwepesi zaidi. Mteja akisema, "Nafikiri ni betri," humjibu, "Ukifikiri wewe, mimi nifanye nini?" Walinuna, wakarudi, kwa sababu gari alilolitengeneza Pilipili lilikaa limetengenezwa.

Asubuhi ile alikuwa chumbani nyuma ya gereji, akimvalisha mama yake. Mama alivunjika nyonga miezi miwili nyuma. Hospitali ilimpa nafasi ya upasuaji siku hiyo, saa tano kamili. Akiikosa, anarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ya miezi minne. Kukaa hawezi. Kwa hiyo kaka mkubwa wa Pilipili aling'oa viti vya nyuma vya gari lake, akatandika godoro, akalileta uani jana jioni. Lilikuja likinguruma vizuri tu. Alfajiri lilipopigwa stata lilizunguka, likazunguka tena, halikuwaka.

Pilipili alitoka nje na kitana mkononi. Mumewe alikuwa ameinamia boneti, na kile kimashine cha kusoma hitilafu kinaning'inia shingoni. Tangu akinunue, mafundi wenzake walimwita Profesa, naye hakukataa.

"Kimesema nini?"

"Namba za hitilafu, tatu. Sensa ya krenki, sensa ya hewa, na nyingine... nimeisahau."

"Nionyeshe."

"Nimezifuta."

"Umefanyaje?"

"Si ndiyo kawaida? Unafuta, unabadilisha kifaa, unajaribu. Nimefunga sensa ya krenki ya lile gari bovu kule nyuma."

"Imewaka?"

Profesa akaangalia kiatu chake.

Damu ilimchemka Pilipili mpaka masikioni. "Mgonjwa anakwambia anapoumwa, wewe unamziba mdomo, halafu unapasua popote! Huo si ufundi, huko ni kupiga ramli! Na hukuandika hata kwenye kiganja!"

"Punguza sauti, mama yuko ndani."

"Huyo mama ndiye anayekwenda kupasuliwa, au umesahau na hilo?"

Kaka yake, aliyekuwa amekaa juu ya tairi, akasema kwa upole kuwa saa tatu na nusu imepita. Pilipili akamkata jicho.

Alimwamuru mumewe apige stata mpaka kompyuta ya injini ilalamike upya. Ikalalamika. Profesa akazisoma namba kwa sauti, na mkewe akaziandika kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi: krenki, hewa, kidhibiti mafuta.

"Sensa tatu zife usiku mmoja?" akauliza. "Zimekula sumu gani hizo? Hizi hazijafa, zimenyimwa chakula."

Sensa zile, vipimo vinavyoipa kompyuta habari za injini, zilipata umeme wa volti tano kutoka kwenye kompyuta, kwa waya mmoja unaogawanyika njiani. Pilipili akachomeka ncha ya mita kwenye waya huo. Mita ikaonyesha sifuri nukta tatu.

"Basi kompyuta imekufa," Profesa akasema.

"Kompyuta haijafa. Atakufa mtu mwingine hapa. Shika hii mita, na usifute kitu."

Kuna kitu kilikuwa kinaunyonya umeme ule kabla haujafika. Alichomoa plagi ya sensa ya hewa, mita haikusogea. Akachomoa ya krenki, akachomoa ya tatu. Bado. Alikuwa anatweta kwa hasira, na kila plagi aliyoichomoa aliitukana. Kutoka chumbani mama akauliza, "Mnagombana nini huko?"

"Hatugombani, mama! Tunatengeneza gari!"

Alilala chali chini ya pua ya gari. Nyuma ya bampa, karibu na rejeta, kulikuwa na sensa ndogo ya kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe kilikuwa kimekufa miaka miwili, na kaka yake aliendesha madirisha wazi. Hakuna aliyekumbuka kuwa sensa ile nayo inakunywa kwenye waya uleule. Akaivuta plagi.

"Tano!" Profesa akapiga kelele. "Imerudi tano!"

Akazirudisha plagi nyingine zote. Stata ikapigwa, gari likawaka mara moja. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Pilipili aliinuka, plagi iko mkononi. Ndani ilikuwa imeota kutu ya kijani. "Hii haikuoza jana," akamwambia kaka yake. "Lazima taa ya tahadhari ya injini iliwaka zamani. Wewe unaendesha huku umefumba macho?"

"Iliwaka. Nikaja nayo hapahapa, wiki tatu zilizopita. Mkaizima, mkaniambia niende."

Akamgeukia mumewe, akachomoa kitana mfukoni, akamrushia. "Ulizima bila kusoma?"

Profesa hakupandisha sauti. "Sikusoma. Siku ile ulikuwa umegombana na kaka yako. Ukaniambia, 'Mzimie hiyo taa aondoke, sitaki kumwona.' Nikaizima."

Aliikumbuka. Walikuwa wamesimama palepale uani, yeye na kaka yake, wakibishana zamu ya kumwuguza mama, kila mmoja akihesabu siku zake. Maneno aliyoyasema siku ile yalikuwa yake, neno kwa neno. Hasira ilikuwa bado imemjaa, ila sasa hakumpata wa kumtupia.

Wote watatu wakambeba mama, wakamlaza kwenye godoro. Kaka akashika usukani, Profesa akakaa pembeni yake. Pilipili alikaa chini, nyuma, akilibana godoro kwa magoti lisiteleze kwenye kona.

"Gari lilikuwa na nini?" mama akauliza.

"Sensa moja tu. Ingegundulika wiki tatu zilizopita, mama. Mimi ndiye niliyesema taa izimwe, kwa hasira zangu. Nisamehe."

Wakavuka taa za barabarani.

"Siku ile mlipokuwa mnabishana nani anichukue?"

"Siku hiyohiyo."

"Dirisha langu lilikuwa wazi," mama akasema.

Kaka akapunguza mwendo bila sababu. Pilipili, aliyekuwa na jibu la kila mtu, akamchana mama nywele kwa vidole mpaka wakafika kwenye geti la hospitali.