Jina Letu na Ulimi wa Ng'ombe

Jina la ukoo wetu mimi nililipata kwa kuolewa, lakini nimelibeba muda mrefu kuliko wanaume waliozaliwa nalo. Wengi wao nimeshawazika. Kwa hiyo asinifundishe mtu habari zake.

Wanaume wa ukoo huu wakikutana msibani, ugali haujapoa wameshaanza kusimulia jina lilitoka wapi. Zamani tulitokea ng'ambo ya mto tu. Kila msiba tunasogezwa kaskazini kidogo. Msiba uliopita tulifika Misri. Nikauliza, "Na huko mahindi mlikuwa mnapanda mwezi gani?" Wakaniambia ninyamaze, marehemu anasikia.

Basi mjukuu wangu wa kike, niliyemlea mwenyewe hapa Ilula, akaleta mchumba. Kijana wa Rujewa, mpole, anasalimia mpaka magoti yanagusa chini. Nikamwuliza jina la ukoo. Akataja letu.

Shemeji yangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akagonga fimbo sakafuni. "Huyu ni kaka yake! Ndoa hakuna." Mjukuu akaingia jikoni, akalia mpaka maharage yakaungua.

Mwanangu wa kwanza, tuliyemsomesha hadi akawa anavaa tai hata shambani, akatoa simu. Simu ikamwambia watu wa jina letu wako wangapi duniani, eti hata Marekani wapo.

"Nani aliwahesabu?" nikamwuliza. "Kwangu hajapita mtu."

"Ni data, Mama."

"Hiyo data inasema wanakula nini?"

Akanitazama kama nimeugua. Maana kasoma sana. Kwetu Wahehe jina peke yake si undugu, majina yalitembea, watu wakayaokota. Undugu uko kwenye mzilo, ule mwiko wa chakula ambao mtoto anarithi kwa baba yake. Jina moja na mwiko mmoja, hao ni ndugu, hawaoani. Jina moja na miiko tofauti, pigeni vigelegele. Ukoo wetu hauli ulimi wa mnyama yeyote, labda ndiyo maana ndimi zetu wenyewe hazichoki.

Nikamwuliza kijana mwiko wa kwao. "Mimi nakula chochote, bibi," akasema. Amekulia shule za bweni, huko hata wadudu wa kwenye maharage ni kitoweo. Ikabidi twende kwa wazazi wake.

Tukabeba tenga la nyanya, tukaenda Rujewa. Mjukuu njia nzima alilishikilia tenga kwa mikono miwili. Tukakaribishwa wali unanukia hadi barabarani, kisha baba wa kijana akaweka bakuli mbele ya shemeji na kulifunua mwenyewe. Ulimi wa ng'ombe, umekatwa vipande, unang'aa mafuta.

Shemeji akarudi nyuma na kiti chake. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, onja kidogo, ni ustaarabu."

Nikalisukuma bakuli. "Baba, ninyi hapa mnakula ulimi?"

"Tena ndiyo nyama ya mgeni wa heshima! Babu zetu wote wamekula. Sisi mwiko wetu ni moyo."

Nikapiga kigelegele, kijiko kikaniruka. Mjukuu akanikumbatia shingo nusura aninyonge.

Baba mtu akakunja uso. "Kwa hiyo mnashangilia kuwa si ndugu zetu?"

"Sana, baba! Tunashangilia mno!"

Hata shemeji akacheka, ingawa bakuli alilifunika kwa kitambaa.

Wameoana. Mjukuu hakubadilisha jina hata herufi, na mwanangu anasema hiyo inathibitisha wote tulitoka Misri. Mimi nilikwenda juzi kumwona kitukuu changu. Kana meno mawili tu, kananyonya kipande cha ulimi, mafuta yanatiririka hadi kitovuni. Jina letu lile lile, na mwiko wa baba yake.

"Bibi, unaudhika?" mjukuu akaniuliza.

Nikamwambia amkatie kidogo kidogo, asije akapaliwa. Halafu nikageuza kiti, nikatazama ukutani mpaka kalipomaliza.