Bibi Aliposema Nimtie Tunduni

Nianze na aibu yangu mwenyewe kabla majirani hawajanitangulia kuisema. Nilipokuwa na miaka tisa nilimfukia sungura wangu ardhini akiwa mzima, tena kwa adabu na utii, baada ya kusema bismillahi. Sikuwa mtoto mkatili. Nilikuwa mtoto aliyeelewa vibaya neno moja.

Jambo hili limenirudia wiki hii kwa sababu barazani kwangu, hapa hapa Rwezamenyo, Kigali, kuna sungura mwingine. Ni wa binti yangu Nadia. Tangu juzi hajala hata jani. Kizimba alichomo ni cha tatu ndani ya wiki mbili, na mimi, mwanamke mzima mwenye cherehani yangu na cheti cha sekondari kabatini, nimekaa mbele yake na hofu ileile ya siku ya mvua nitakayowasimulia.

Wale tuliokua pamoja hapa mnakumbuka mtaa wetu ulivyokuwa. Njia zilikuwa udongo mwekundu, na mteremko ulikuwa na ukali wake: mpira ukikuponyoka mlangoni kwenu, ulikwenda kuuomba kwa watu usiowajua kule chini kabisa. Asubuhi ilinuka mandazi na moshi wa makaa. Nyumba yetu iliongeza harufu ya mafuta ya cherehani, maana baba alikuwa fundi nguo, na tulikula chapati zenye nyuzi mpaka tukaziona nyuzi kama kitoweo. Wasichana tulicheza agati, tukirushiana mpira wa matambara na kuukwepa, tukaruka kamba, na wakubwa wakigeuka tu tulijiingiza kwenye biye za kaka zetu. Gololi zenyewe zilikuwa za kioo, zikigongana unasikia raha mpaka menoni. Tulichimba shimo dogo kwa kisigino, mwenye kutumbukiza biye yake mle ndiye mshindi. Shimo lile tuliliita tundu. Kwetu sisi tundu lilikuwa hilo tu duniani kote.

Sasa, nyumbani kulikuwa na Bibi, mama yake baba. Wazee wake walifika nchi hii na mizigo ya biashara kutoka upande wa Tabora, na yeye aliendelea kusema Kiswahili chao kana kwamba alikabidhiwa akitunze. Kiswahili cha Bibi kilivaa viatu. Chetu kilikwenda peku, kimechanganyika na Kinyarwanda cha mtaani na Kifaranza cha darasani, na kila kitu kilikuwa "iko": iko njaa, iko mvua, mama iko sokoni. Bibi akisikia hivyo alifumba macho kama aliyeumwa jino. Sisi tukimsikia yeye tulielewa maneno saba katika kumi, yale matatu tukakisia. Mambo yalikwenda vizuri tu mpaka alipokuja sungura.

Aliletwa na baba mdogo, ambaye alikwenda Masoro kununua ndizi. Siku hizi ukitaja Masoro watu wanawaza viwanda na maghala. Kwetu wakati ule Masoro ilikuwa mbali, ilikuwa mashamba, na mtu akitoka huko alirudi na kitu. Alirudi na sungura ndani ya koti. Alikuwa mweupe mwili mzima, na doa jeusi juu ya kichwa kama kofia, kwa hiyo nyumba nzima ikamwita Bwana Harusi. Baba akasema ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeshikilia koti lile na kukataa kuliachia.

Usiku wa kwanza alilala kwenye karai. Asubuhi yake Bibi alimkuta amekaa juu ya msala wake wa kuswalia, na amefanya pale mambo ambayo bwana harusi hafanyi. Hakunipigia kelele. Alisema tu, huku akielekea kuufua: "Hadija, mtie tunduni huyu kabla hujaenda shule."

Nikasema ndiyo Bibi.

Mjue kwamba nilifikiri. Sikuchimba ovyo. Nilizunguka ua mzima nikitafuta mahali panapomfaa. Karibu na mlango, kuku wangemsumbua. Chini ya kamba ya nguo, mama angemkanyaga. Nikachagua kona ya chini, ukutani, penye udongo laini na kivuli cha mgomba. Nilichimba kwa mfuniko wa sufuria na kijiko kimoja kikubwa ambacho mpaka leo mama haelewi kilipindaje. Tundu la biye linatosha gololi, nikawaza, basi la sungura liwe la kutosha sungura. Lilipofika kina cha mkono wangu hadi kwapani nikatandika gunia, nikamwekea majani ya viazi, nikamshusha mwenyewe taratibu, nikafunika kwa kipande cha bati na kuweka jiwe juu. Niliacha upenyo wa hewa, upana wa vidole viwili. Niliutazama upenyo ule nikajiona mtu mwenye akili sana. Kisha nikaoga, nikavaa gauni langu la buluu, nikaenda shule. Tulikuwa tunasoma zamu ya mchana.

Wingu lilitokea upande wa Mlima Kigali baada ya somo la kwanza. Mwanzoni nililipenda, maana mvua ikipiga bati la darasa mwalimu hasikiki, na mwalimu asiyesikika ni mapumziko. Wenzangu walianza kucheka mapema. Mimi pia nilikuwa nacheka, kisha nikakumbuka kona ya chini ya ua.

Ua wetu ulikuwa na mteremko kama mtaa wenyewe. Maji yote ya paa, ya ua, na ya jirani wa juu yalipita hapo kwenda kutokea kwenye kitobo cha ukuta. Kila siku ya mvua niliyaona na kuyarukia. Nilikuwa nimemchagulia Bwana Harusi mahali pazuri kuliko pote, penye kivuli, udongo laini, na mto.

Matone ya kwanza yalikuwa mazito, unayahesabu. Halafu hayakuhesabika. Giza liliingia darasani saa tisa mchana. Nilikuwa naliona bati lile na jiwe lake. Jiwe nililiweka ili asitoke. Nilichagua zito. Nilipiga hesabu, mimi niliyeshindwa hesabu maisha yangu yote: maji yanaingia kwa upenyo wa vidole viwili, tundu lina kina cha mkono, sungura ana urefu gani akisimama? Sikuwahi kumwona amesimama.

Nikaenda mbele kuomba ruhusa. Kusema ukweli niliogopa, maana darasa lingecheka mpaka likizo. Nikasema tumbo linauma. Mwalimu alitazama nje, akanitazama mimi, akanisogelea sikioni ili asikike juu ya bati: tumbo linalouma halikimbii kwenye mvua, kaa chini. Nikakaa. Sijawahi tena kukaa mahali nikatamani hivyo kuwa mahali pengine. Hata kujifungua Nadia kulinipa nafasi ya kupiga kelele.

Mvua ilipopungua sikusubiri kengele. Nilitoka na begi kichwani, nikashuka ule mteremko nikiteleza, kiatu kimoja nikakiacha kwenye tope na sikurudi kukichukua, jambo ambalo kwa mtoto wa enzi zetu lilikuwa kosa la kuitiwa ukoo. Nilifika uani. Bati lilikuwa limeinama upande. Jiwe lilikuwa limezama. Tundu lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, na jani moja la kiazi linaelea juu.

Nikalala kifudifudi na gauni la shule, nikatia mkono. Maji yalifika kwenye kiwiko, yakafika begani. Chini kabisa vidole vikagusa kitu kilicholowa, chenye manyoya manyoya. Nilikishika. Sikutaka kukitoa na sikuweza kukiacha. Nikawa hapo, shavu kwenye tope, nimeshika.

Bibi alitokea mlangoni akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia namtoa Bwana Harusi, nilimtia tunduni kama alivyosema. Niliinua macho nikaona uso wake unabadilika pole pole, kama mtu anayesoma barua. Akaingia ndani. Alirudi amebeba kile kitu cha fito kilichokuwa kimening'inia stoo tangu nazaliwa, chenye umbo la kikapu kilichofunikwa, na mlango mdogo wa kamba. Nilidhani siku zote kuwa ni kikapu kilichoharibika.

"Mwanangu," akasema, "tundu ni hili."

Ndipo nikakivuta kile nilichokuwa nimekishika majini. Lilikuwa gunia.

Tulimkuta jikoni, nyuma ya makaa. Alikuwa amechimba pembeni, akapita chini ya ukuta wa jiko uliopakana na kona ile na uliokuwa hauna msingi wa maana, akatokea penye joto. Bwana Harusi alikuwa mweusi tii kwa masizi, kofia haionekani tena. Bibi alicheka mpaka akakaa chini kwenye ubao wa kukunia nazi, na mimi nililia mpaka nikapata kwikwi. Hofu ilikuwa imechelewa kutoka.

Tundu la Bibi lilimfaa miezi miwili, mpaka alipolitafuna. Baba akamjengea kizimba cha mbao za makasha. Kwanza alimpima kwa utepe wake wa nguo, shingo, mgongo, na nyonga, kama anamshonea kanzu. Mama akamwambia amuache mnyama wa watu. Baba akajibu na pini mdomoni: "Suruali ikibana mtu anasema. Huyu hasemi kitu. Tumwachie nafasi." Kikawekwa juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la mafuta machafu ili siafu wasipande. Wavu mbele kwa ajili ya mbwa, bati juu kwa ajili ya mwewe. Bwana Harusi aliishi humo miaka mingi akanenepa, na mimi kila wingu lilipotokea mlimani nilikwenda kumtazama. Niliendelea kwenda hata alipokuwa hayupo tena.

Ndiyo maana nimewaambia kuhusu vizimba vitatu. Watoto wa sasa wanachagua kwa simu. Nadia alinionyesha sungura wa nchi fulani mwenye nyumba ya ghorofa na ngazi. Nikamwambia sisi wenyewe hatuna ngazi. Tukapata cha kwanza kwa mlinzi anayefanya kazi Nyarutarama, ambaye matajiri wake walihama wakaacha kizimba cha waya kinachong'aa kama sinia la harusi. Nadia alikipenda kwa ajili ya picha. Mimi niliona sakafu yenyewe ni waya na vidole vya sungura vinapita katikati, nikakitoa siku ya nne. Cha pili kilikuwa sanduku la mbao, lakini halikupitisha hewa, na mimi na hewa tuna historia yetu. Cha tatu nimechongesha kwa fundi seremala: sakafu ya ubao, wavu mbele, bati, miguu, makopo, kufuli mbili. Nimekipima kwa utepe wa marehemu baba. Nimekiweka pale barazani mbali na njia ya maji, na cherehani nimeihamishia ubavuni mwake ili nisipitwe na jambo. Kila baada ya mshono mmoja nainua kitambaa nichungulie. Nikiona yuko kimya nagonga kidogo. Nikiona anahema namsogezea jani mdomoni. Anajikunja kwenye kona.

Na hajala. Nadia anatoka shule saa kumi na moja, na swali lake la kwanza nalijua. Jana nilimdanganya kuwa alikula kidogo, nikayatupa yale majani kwa jirani ili Nadia asiyaone. Leo nimeamka nikilitazama wingu, na hata wingu halipo.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa sina wa kumuuliza. Enzi zetu mtoto akikosea neno kulikuwa na mtu mlangoni wa kumletea kitu chenyewe mkononi na kumwambia ndicho hiki. Bibi hayupo, tundu lake halipo, na ile nyumba wameibomoa wakajenga ya vioo. Nadia mwenyewe anakiita keji. Nikimwambia kwa Bibi yangu kiliitwa tundu, anacheka, anasema mama, tundu si shimo? Nikamtazama mtoto yule nikaona nimejizaa.

Basi saa nane hii nimejikaza nikamwita Mama Aline, jirani wa ukuta wa pili, mwanamke wa Kikatoliki aliyekulia Bujumbura, anayefuga sungura arobaini nyuma ya nyumba na hana hata mmoja mwenye jina. Amekuja na kisu cha kumenyea viazi mkononi, nikashtuka, kumbe alikuwa anapika. Nimemwonyesha ubao, wavu, kufuli zote mbili, makopo. Nimemweleza kila nilichofanya tangu juzi, hatua kwa hatua, nikikanyaga cherehani ili kazi ya watu isichelewe. Amesimama akisikiliza. Amemtazama sungura kwenye kona, akanitazama mimi, akaitazama cherehani, akamtazama tena sungura. Kisha amesema, na ninaandika kama alivyosema:

"Mama Nadia, kizimba iko sawa. Ni wewe sungura inaogopa. Chukua hiyo cherehani na hiyo macho yako, ingia ndani, iache ikule."